Waranti ya Pikapu ya Baba

Mtu akinitajia neno waranti napandwa na hasira hadi leo, na sioni sababu ya kuificha. Watoto wangu wameshanicheka kwamba nikienda kununua hata pasi ya umeme, muuzaji akianza kunieleza habari za mwaka mmoja na masharti yake, mimi namkata kauli. Nalipa, nachukua pasi yangu, naondoka. Sababu ni pikapu moja nyeupe iliyosimama uani kwetu mtaa wa Kikuyu, Dodoma, na kijana mmoja mwenye adabu nyingi aliyekuja kuitazama.

Wakati huo nilikuwa nafundisha hesabu Botswana. Watanzania tulikuwa wengi huko, walimu, wauguzi, wahandisi, tumefuata mshahara. Nyumbani biashara ilikuwa imefunguliwa. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa karanga na ufuta, na kwa miaka mingi alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa kujificha, utadhani anauza bangi. Sasa aliweza kununua gunia mchana kweupe na kulipakia mbele ya askari, na askari akamwamkia shikamoo. Sisi ni uzao wa watu wa misafara waliotokea Tabora na pwani, wakaoa na kuzaa palepale mjini, na tangu hapo kazi yao ni kununua huku na kuuza kule. Baba hakujua kazi nyingine wala hakutaka kuijua.

Kilichomsumbua ni usafiri. Mzigo aliufuata Chemba, na kuufikisha mjini alitegemea lori la mtu mmoja ambaye mimi nilisoma naye darasa moja shule ya msingi. Msimu wa mavuno ukifika, Baba alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya huyo kijana, yeye na wazee wenzake, wakingoja kuambiwa lori litapata nafasi lini. Waliambiwa kesho, na kesho ikawa wiki. Huko Chemba wenye magari yao walishafika, wakaondoka na mzigo ambao Baba alikwishapatana bei na wenyewe. Nilikuja likizo nikamkuta pale kwenye benchi, kavaa kanzu yake iliyopigwa pasi na koti juu, babu wa watu mwenye wajukuu, anasubiri mtoto wa jana amalize kunywa chai. Nikaapa moyoni kwamba hatakaa tena pale.

Ndiyo maana nilimnunulia gari jipya. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye angekuwa dereva, alinishauri vingine.

“Dada, chukua lililotumika,” alisema. “Yanashuka bandarini kila siku. Likizingua, fundi yeyote hapa mjini analijua.”

Nilimkatalia. Sikutaka gari la kutengenezwa, nilitaka gari la kufanya kazi. Nilitaka miaka miwili ambayo hakuna mtu angemwambia Baba pole mzee, njoo kesho. Na miaka miwili ndiyo aliyoniahidi muuzaji kule Dar es Salaam, bwana aliyefunga tai katika joto lile na neno waranti halikukauka mdomoni mwake. Chochote kikifa ndani ya miaka miwili, dada yangu, ni juu yetu. Nilimwambia waziwazi kwamba gari linakwenda Dodoma na litabeba magunia. Akacheka, akalipiga boneti kwa kiganja.

“Hili limetengenezwa kwa kazi hiyohiyo,” akasema.

Masharti aliyatoa baadaye, akiba yangu yote ikiwa imeshaingia kwenye droo yao. Sevisi ifanyike gerejini kwao tu. Oili iwe yao, filta ziwe zao, na mhuri katika kitabu uwe wao. Fundi mwingine yeyote akishika spana, waranti imekufa hapohapo. Nikamwuliza kama wana gereji Dodoma.

“Bado, lakini tuko mbioni.”

Mji ambao tangu niko mdogo naimbishwa kwamba ndio makao makuu ya nchi, mji ambao wabunge wakija kikao misururu ya magari inatufukuza barabarani, haukuwa na mtu hata mmoja mwenye ruhusa ya kubadili oili ya pikapu ya baba yangu ikahesabika kuwa imebadilishwa. Ilibidi gari liende Dar es Salaam, mwendo wa siku nzima, likabadilishwe oili, kisha lirudi. Tuko mbioni! Natamani ningejua walikuwa wanakimbilia wapi.

Basi nikawa naishi ugenini na akili yangu iko kwenye kilomita za Dodoma. Jumamosi nilikwenda posta kupiga simu. Kwetu hapakuwa na simu, nilipiga kwa mwenye duka wa jirani, naye akamtuma mtu kumwita mdogo wangu, na muda wote huo nilikuwa nalipia kusikiliza watu wakinunua sukari. Mdogo wangu akifika anahema nilimwuliza jambo moja tu, kilomita ngapi sasa? Hata hali ya Mama nilisahau kuuliza, mwenyewe akanisema sana baadaye, na alikuwa na haki. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa kule, naye alikuwa na gari jipya lenye waranti. Yeye alilipeleka sevisi wakati wa mapumziko ya chai akarudi darasani kwa miguu, kwa kuwa gereji ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa akinieleza hayo kwa nia njema kabisa, na mimi nilikuwa nasikia kama ananitukana.

Lakini aliyenimaliza ni Baba. Katika maisha yake Baba hakuwahi kuruhusu chombo chochote kisafiri kitupu. Baiskeli ikienda sokoni ilikwenda na kitu, na ikirudi ilirudi na kitu. Sasa ukimwambia kwamba pikapu nzima itakwenda Dar es Salaam na kurudi, na humo ndani hakuna ila mtu mmoja na kitabu cha mihuri, kwake hayo yalikuwa ni mambo ya mwendawazimu. Sevisi ya kwanza gari lilishuka na magunia ya karanga, madumu ya asali, na mbuzi wa watu wa mtaa wa pili waliokuwa na harusi Dar. Lilirudi na mabati, chumvi na bibi harusi.

Nilipopata habari nilipiga simu siku ambayo si Jumamosi.

“Baba, gari linakwenda gereji. Haliendi sokoni.”

“Linakwenda Dar es Salaam, mwanangu. Watu wakiliona linapita tupu watasemaje?”

“Wale watu wa gereji wanatazama, Baba. Ukilizidishia mzigo wanafuta waranti.”

“Huo mzigo uko wapi? Mbona nimewapunguzia?”

Mtaani walikuwa wameshaijua ratiba. Watu walikuja nyumbani kuuliza waranti inaondoka lini ili wapange safari zao. Kuna mwanafunzi alikuwa akisubiri waranti apeleke sanduku lake, na kuna mama mmoja aliyekuwa akituma unga kwa binti yake kila waranti ikienda. Mdogo wangu alinisimulia huku akicheka, nami kule Botswana nilikuwa nafoka kwenye simu, watu wa foleni wakinitazama.

Jambo moja naomba lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Giaboksi ya pikapu ilikuwa inalia tangu gari lilipokuwa halijabeba hata debe moja. Mdogo wangu aliisikia siku alipolitoa dukani, kabla hajafika Morogoro, akiwa peke yake ndani. Aliwaeleza kwenye sevisi ya kwanza. Wakamwambia gari jipya hulalama, litazoea. Aliwaeleza kwenye sevisi ya pili. Wakalizungusha mtaani, wakarudi, wakagonga mhuri wao, wakamwambia litazoea. Mihuri yote ilikuwepo, sikukosa hata mmoja, kwa hela zangu za posta na kelele zangu.

Giaboksi ilikufa mwaka wa pili, katikati ya msimu, wakati wanatoka Chemba. Nilikuwa nimekuja likizo ya Agosti. Upepo wa Dodoma wa mwezi huo unaujua mwenyewe, vumbi mpaka kwenye sufuria, na mimi niko barazani namenya viazi nikaona linakuja lori likilivuta gari letu kwa mnyororo. Lori lenyewe lilikuwa la yuleyule niliyesoma naye. Dereva wake alishusha kioo akamwambia Baba kwamba tajiri kasema asijali, watamalizana tu. Baba akamshukuru.

Nikapiga simu Dar es Salaam. Jibu lilikuwa moja, msiguse kitu, atakuja mkaguzi. Fundi wa mtaa wa nyuma alikuja mwenyewe kwa uungwana wake, akasema aifungue tu aone, nami nikamsimamisha getini. Tukalifunika gari kwa turubai. Siku zilipita, Chemba karanga zilikuwa zinaondoka kwa magari ya wengine, na Baba kila asubuhi alitoka uani, akainua pembe ya turubai, akalitazama, akalifunika tena. Msimu ukiisha mikono mitupu, mwaka mzima unaofuata ni wa kukaa benchi. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi.

Mkaguzi alifika kwa basi. Alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, begi la ngozi. Alimwamkia Baba shikamoo kwa kuinama, akamwamkia Mama, akaniita dada. Alilala chini ya gari, akafungua hiki na kile, akaandika. Nilimwonyesha mihuri, akaitazama, akasema vizuri sana. Nilimweleza habari ya ule mlio tangu siku ya kwanza, akasema nimekusikia dada. Moyo ukanitulia kidogo. Kisha Baba akasema mgeni haondoki bila kula, na Mama akatandika mkeka barazani, majirani wakiwa wameshakaa kwenye ukuta wa ua wakitazama.

Ilikuwa pilau ya kuku. Kijana alikula vizuri, akasifia, akaongezewa. Kisha akafuta mkono, akasema kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu:

“Mzee wangu, lakini gari hili limekufaa kweli?”

Baba akaweka kijiko chini. Nilimfahamu Baba akiweka kijiko chini. Ni mtu aliyekuwa ameuza vitu tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo ukimwuliza habari ya kitu chake hawezi kukusemea vibaya, ulimi wenyewe haugeuki.

“Bwana mdogo, hili?” alisema. “Hili ni farasi. Mimi nimeona magari mjini hapa tangu ya Mjerumani yaliyoachwa, sijaona gari kama hili.”

“Alaa! Linabeba?”

“Linabeba nini! Linameza. Wenye malori wananionea wivu.”

Nilikohoa. Nikamwambia Baba chakula kinapoa. Hakunisikia.

“Kwa mfano kutoka Chemba,” kijana akaendelea, mpole, anatabasamu, “unaweza kuweka hata gunia kumi?”

“Kumi?” Baba alicheka, akamgeukia mdogo wangu ashuhudie. “Kumi ni wakati limechoka.”

“Za kawaida au lumbesa?”

Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu na kujazwa tena, gunia moja likawa karibu mawili. Mtu yeyote wa bara anajua hivyo, na huyu kijana wa Dar es Salaam alijua pia, na alijua kwa nini anauliza. Nilimkanyaga Baba mguu kando ya sinia. Nilimkanyaga kweli. Akausogeza mguu wake, akadhani nimekosea.

“Lumbesa hasa!” alisema. “Tena juu watu wanakaa. Kuna siku tumepeleka maiti Gulwe, jirani yetu hapa, Mungu amrehemu. Jeneza ndani, waombolezaji pande zote, na ule mchanga wa korongo unaujua. Malori yalikwama. Sisi tukapita, tukarudi tukayavuta.”

“Mkayavuta malori!”

“Mawili!”

Mdogo wangu alikuwa anatazama mkeka. Yeye alishaelewa. Mimi nilisema kwa nguvu, “Baba anatia chumvi, si unajua wazee,” na Baba, ambaye hajawahi kunikaripia mbele ya mtu, aliniambia ninyamaze, kwamba yeye si mwongo na mgeni akamwulize mtu yeyote mtaani. Kisha akaendelea, akamweleza safari zote za Dar es Salaam na zilichobeba. Kijana alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kila kitu anasema hongera mzee, na mkono wake ulikuwa umeshalirudia lile begi.

Alinawa. Akamshukuru Mama. Akasimama uani, akamwambia Baba kwa upole uleule kwamba gari lake limefanya kazi kubwa mno, kazi ambayo waranti hailindi, na kwamba kampuni inasikitika.

Baba alikuwa bado anatabasamu. Nilidhani neno lenyewe halijamwingia.

“Una maana hawatengenezi?” aliuliza.

“Si kwamba hatutengenezi, mzee wangu. Tunatengeneza, ila kwa gharama yako.”

Hapo nililipuka. Nilimwambia aliyoyala ayatapike. Nilimwuliza kama ule mlio uliingizwa na karanga wakati gari halijabeba karanga, kama mihuri waliyogonga waliigonga wakiwa wamelala, kama yule mwenye tai aliyenipigia boneti kwa kiganja naye atakuja kula kwetu. Nilimwambia kwamba mtu mzima kakuita mgeni, kakulisha, halafu wewe umekaa kwenye mkeka wake ukimchota maneno kidogo kidogo, huna hata haya. Alisimama, begi kifuani, akinisikiliza vizuri sana. Mafunzo ya kazi, nadhani. Majirani walisimama pale ukutani waone vizuri. Mama akanivuta mkono na sikuvutika.

Baba ndiye aliyenikatisha. Akasema mgeni wake asitukanwe uani kwake. Akamwita mdogo wangu, amsindikize kijana hadi stendi asije akapotea njia.

Kesho yake sikumwona Baba wakati wa chai. Sikuuliza aliko. Nilitoka, nikavuka mtaa, nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya yule mwenye lori, na kweli alikuwepo benchini, kati ya wazee wawili wengine. Mwenyewe alikuwa hajafika. Nilimwambia Baba nyanyuka twende. Alikataa. Nikasimama pale kama askari mpaka akaona aibu kwa wenzake, akanyanyuka.

Njiani nilimtolea yote. Nimesema sioni sababu ya kuficha hasira yangu, na ya siku ile ilimwangukia yeye. Nilimwuliza kwa nini. Kwa nini alimweleza yule mtu magunia, lumbesa, maiti, malori, kila kitu, na mimi nimemkoholea, nimemkanyaga, nimemkatisha. Nilimwuliza kama alikuwa haelewi yule kijana ni nani na amefuata nini. Watu waligeuka kututazama. Binti anamfokea baba yake barabarani, na baba anatembea tu, koti lake linapigwa na upepo.

Tulipokaribia nyumbani alisimama.

“Nilielewa alivyouliza lumbesa,” alisema. “Si mtoto mimi.”

“Ulielewa, halafu ukamjibu?”

“Mtaa mzima wamekaa ukutani wanasikiliza. Wote wanajua mwanangu yuko ugenini, kajinyima, kaniletea gari jipya. Mgeni ananiuliza mbele yao gari la mwanangu likoje.” Alinitazama, na alikuwa amekasirika kuliko mimi. “Ulitaka niseme ni bovu?”